Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Makapi ya Mkonge Yamefikia Wapi

Ndugu wanachama,

Asalamu alaikum, na Bwana asifiwe. Hesabu atazisoma mhazini. Mimi nitajibu swali mlilonisimamisha nalo njiani mwaka mzima, kuanzia Muheza hadi Ngamiani: yale makapi vipi?

Jani la mkonge likishapita kwenye korona, ile mashine ya kuchambua nyuzi, singa (nyuzi) tunayouza ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kinachobaki ni maji na makapi. Mwaka huu tulijaribu kuyayeyusha yawe polioli, kimiminika kizito ambacho kikichanganywa na kemikali iitwayo isosianeti huumuka na kuwa povu la poliurethani, yaani sponji.

Makapi hukaushwa mpaka yakatike yakikunjwa, husagwa, kisha hupikwa ndani ya gliserini yenye asidi kidogo ya salfuriki, ile ya betri, kwenye nyuzi 150 hivi kwa saa moja au moja na nusu. Mara ya kwanza tulijifanya wajanja, tukaacha sufuria motoni jioni nzima ili yayeyuke zaidi. Kumbe vilivyokwisha kuachana vilianza kushikana upya, tukapakua donge jeusi kama lami. Mara ya pili tulisahau kuizima asidi kwa kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, povu likagoma kuumuka. Kina mama wa sabuni walitucheka sana, na walikuwa na haki. Mara ya tatu liliumuka kama andazi.

Najua wengi mlisubiri magodoro. Sahauni. Polioli ya namna hii hujishika na isosianeti sehemu nyingi mno, hivyo povu linatoka gumu. Ukililalia, asubuhi utadai mbavu zako. Lakini povu gumu huzuia joto vizuri, na pale Deep Sea, soko la samaki la Tanga, kuna wavuvi ambao barafu inawayeyukia kabla samaki hawajapata mnunuzi. Mimi naona sanduku la samaki, si godoro.

Isosianeti ndiyo inayoninyima usingizi. Hatuitengenezi sisi, inatoka nje ya nchi, na katika povu gumu huchukua nusu ya uzito au zaidi. Kwa hiyo makapi yetu ya bure yanapunguza gharama upande mmoja tu. Tena mvuke wa isosianeti huweza kuleta pumu. Kijana wetu mmoja alikohoa wiki nzima kwa sababu nilisema madirisha yafungwe vumbi lisiingie. Kosa ni langu, na matibabu yake chama kimelipa. Sasa tunachanganyia nje, chini ya mwembe, kwa glavu na barakoa za kuchuja kemikali. Kitambaa cha mdomoni hakisaidii kitu.

Ile hoja ya kununua mtambo mkubwa wa kupikia imerudi kwa mara ya tatu. Naipinga bado. Kamati inaomba ruhusa ya kutengeneza masanduku matano tu, tuwaazime wavuvi msimu wa kaskazi, tuhesabu barafu inakaa saa ngapi ukilinganisha na sanduku la dukani. Makapi mengine yaendelee kwenda kwenye mboji kama kawaida.

Kura ni baada ya chai. Mwenye deni la ada amwone mhazini kwanza.