Kunadi kwa mafumbo kwenye bridge sio wizi

Mhariri, naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba mchezo wa karata wa bridge ni kukonyezana tu kama kwetu barazani ila wazungu wameuvalisha tai, eti mtu anasema "mbili bila turufu" huku roho yake yote iko kwenye shupaza, sasa huo si uongo mchana kweupe? Nimecheka ila pia imeniuma kidogo, maana mi huu mchezo niliupata nikiwa Uingereza na saa hizi naucheza kwenye simu karibu kila usiku mpaka mama watoto kashazoea.

Tuelewane kwanza. Mnacheza wanne, wawili kwa wawili, karata 52, kila mtu 13. Kabla ya kucheza mnanadi, yaani mnaahidi mtakula mizunguko mingapi zaidi ya sita na turufu iwe aina gani, na kila anayenadi lazima amzidi aliyetangulia, mnaanza chini na pau, uru, kopa, shupaza, halafu bila turufu ndo juu yao. (Na hapa niseme, pau, uru, kopa, shupaza na turufu yenyewe ni maneno tuliyoachiwa na Wareno, kwa hiyo naomba gazeti lenu liache kuandika "spedi", majina tunayo.)

Sasa patna kafungua, yaani kanadi wa kwanza, shupaza moja, maana yake anazo 5 au zaidi. Wewe unazo 4 na mkono una nguvu, pointi 13 au 14 hivi, ree unahesabu 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1. Turufu mshaipata, gemu (kwa shupaza ni mizunguko 10) mnafika, kilichobaki ni kujua kama mnaweza kula mizunguko 12 badala ya 10. Ukirukia shupaza nne palepale umemfungia patna mlango, na wengi huko kurukia wanakuweka kwa mkono mbovu wenye shupaza nyingi, kuwaziba tu wapinzani. Ndo hapo inapoingia mbili bila turufu ya Oswald Jacoby wa Marekani: haihusu bila turufu hata kidogo, maana yake "shupaza zako ninazo 4, gemu tunacheza, hebu nieleze zaidi." Patna akiwa na karata moja tu ya aina fulani, au hana kabisa, anaitaja kwenye ngazi ya tatu. Akiwa mkono wa kawaida tu anafunga na shupaza nne.

Mi yalinikuta. Nina pointi 14, shupaza 4, na pau tatu za ovyo ovyo, nikanadi mbili bila turufu, patna wangu akasahau makubaliano akapita, yaani hakunadi kitu, ikabaki hiyohiyo! Yeye alikuwa na pau moja tu, ilitakiwa aseme pau tatu. Wapinzani wakaanza na pau, wakala tano mfululizo mi naangalia tu, wakaongeza ree ya uru, nikabaki na mizunguko 7 wakati niliahidi 8. Wenzetu wa meza nyingine waliopewa karata zilezile walicheza shupaza nne wakala 11, kwa sababu pau ikishaliwa moja zinazobaki unazikata kwa turufu. Sikumsemesha siku mbili.

Sasa ndugu yangu msomaji, wizi uko wapi? Mezani patna wa aliyenadi anatoa kadi kuwatahadharisha wapinzani kwamba neno hilo lina maana yake, kwenye mtandao aliyenadi anaandika mwenyewe, na mpinzani zamu yake ikifika ana haki ya kuuliza akajibiwa kila kitu mlichokubaliana. Yule jamaa wa barazani anayejikuna sikio akiwa na turufu kubwa, muulize sikio linawasha nini uone kama atakwambia.

Na mafumbo mengine yana vituko. Toronto alikuwepo Douglas Drury, patna wake Eric Murray akikaa nafasi ya tatu na wawili wa mwanzo wamepita, alikuwa anafungua na vimkono vyepesi vyepesi, Drury akichangamka anampandisha wanaanguka wote. Akatunga pau mbili yake: "mimi nimepita lakini nakuunga mkono, je ulifungua kweli au ulikuwa unatania?" Kama alikuwa anatania anajibu uru mbili. Hiyo naipenda kuliko zote, inafaa hata kwenye ndoa.

Nitakachokubaliana na msomaji ni kwamba yakizidi yanachosha. Zile za Mmarekani Marty Bergen, patna kafungua shupaza au kopa, ukisema pau tatu una 4 za aina yake na pointi chache, ukisema uru tatu una 4 na pointi nyingi kidogo, nilijifunza nikaziacha, maana kila nikizitumia patna anadhani nina pau kweli, ananiunga mkono kwenye pau!

Msomaji wenu, Tanga