Ile buluu, usiikimbilie

Nairobi, Jumamosi

Ndugu Mutua,

Salamu nyingi kwako na kwa mama watoto. Huku tu wazima, na mtoto wa Njeri ameshapona.

Ile picha uliyonitumia kwa simu niipeleke Kirinyaga Road, wakuchanganyie buluu ya kuziba jeraha la ubao wa pinboli, ile mashine ya mchezo wa gololi, sijaipeleka. Tafadhali usikasirike. Wachanganyaji wa pale wana macho makali, lakini simu hubadilisha rangi kadiri ipendavyo. Isitoshe, buluu unayoiona siyo iliyochapwa. Juu yake kuna vanishi iliyogeuka manjano, na manjano juu ya buluu huleta ukijani. Kwenye mikwaruzo nako kumejaa masizi ya ile gololi ya chuma.

Kwa hiyo safisha kwanza, kwa pamba na tapentaini, uache ikauke kabisa. Ukifungua zile plastiki za pembeni zinazofunika ubao utakuta buluu mbichi haijaona jua. Hiyo usiifuate! Ukiiga hiyo, kiraka kitang'aa katikati ya ubao mzee kama kitambaa kipya kwenye kanzu kuukuu. Fuata rangi iliyo ukingoni mwa jeraha lenyewe, pale buluu ilipobanduka.

Tumia rangi ya akriliki, ile ya maji. Anza na nyeupe, tia buluu tone kwa tone, na uandike hesabu ya matone. Ikiwa kali mno, ishushe kwa chungwa kidogo kwa ncha ya kijiti, nyeusi huiua. Uzee wa vanishi unaupata kwa manjano ya udongo. Kisha paka kwenye plastiki angavu, si kwenye ubao. Akriliki ikikauka hukolea, kwa hiyo usihukumu ikiwa mbichi. Ikikauka, ilaze kando ya rangi ya zamani na ulowanishe zote mbili kwa tapentaini: hapo ndipo utaona zitakavyokuwa chini ya klia, ile vanishi angavu ya kumalizia. Mpaka kati yao ukipotea, umeipata.

Angalia dirishani, halafu chini ya taa za mashine yenyewe. Balbu namba 44 za volti 6.3 zina mwanga wa manjano, na rangi zilizopatana mchana huweza kuachana hapo. Changanya robo kikombe kwa mara moja, ufunge chupani, maana mchanganyiko uleule hutaupata tena. Paka mara mbili au tatu, nyembamba. Mistari myeusi ya mchoro iwe ya mwisho. Ndiyo inayoficha kiungo.

Klia ya gereji ya kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuigandisha, usiipulize bila barakoa ya kichujio. Kile kitambaa cha puani hakizuii kitu.

Sasa niambie: jeraha la buluu lina ukubwa gani, kiganja au sarafu? Vanishi inabanduka ukiikwangua kwa ukucha? Utaiacha au utaipiga msasa yote? Maana ukiiondoa, buluu ya kufuata inakuwa nyingine. Na taa, utabaki na balbu au umeshanunua LED? Nikununulie akriliki Jumatatu: nyeupe, buluu, chungwa na manjano ya udongo?

Wako,
Otieno