Wapimwe kwa Kiswahili kabla ya kurudishwa darasa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee watoto wa Kongo walioko katika makazi ya wakimbizi hapa Uganda: Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja na huku kwetu Kyangwali. Wengi walikimbia vita vya Ituri na Kivu, na wengine wamezidi kuingia tangu waasi wa M23 walipoiteka Goma Januari 2025.

Uganda imetupokea, na kwa hilo nashukuru kutoka moyoni. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mtoto mkimbizi elimu ya msingi sawa na mtoto wa mwenyeji. Kwa hiyo mlango wa shule haujafungwa. Shida inaanza akishaingia.

Mtoto wa miaka 13 aliyefika darasa la sita kwao Bunia, Kongo, anawekwa la tatu, pengine la pili. Kugawanya anajua, hesabu za sehemu anazijua, ila alizisoma kwa Kifaransa na kuelezwa kwa Kiswahili. Hapa masomo ni kwa Kiingereza. Basi anakaa na watoto wa rika la mdogo wake, anaona haya hata kunyoosha mkono. Wasichana ndio ninaowahofia zaidi, maana binti mkubwa asiyeona faida ya shule huanza kuposwa mapema. Mvulana naye hutafuta kibarua cha kulima.

Upo mpango wa elimu ya haraka unaobana miaka saba ya msingi ikawa mitatu. Ni mpango mzuri, na nautakia uongezwe kwa wale ambao vita viliwanyima shule kabisa. Lakini aliyesoma miaka yake yote na kukosa Kiingereza tu, kumrudisha mwanzo ni kumnywesha dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Huyo anahitaji miezi kadhaa ya Kiingereza, kisha arudi kwa wenzake.

Na wa kumvusha wapo. Humu katika makazi kuna walimu waliofundisha Kongo kwa miaka mingi, leo wanauza nyanya na mkaa. Mwingine cheti chake cha Kongo bado hakijapimwa na UNEB, baraza la mitihani la Uganda, kuona kinalingana na kipi cha hapa. Mwingine cheti kiliungua pamoja na nyumba. Wachache huchukuliwa na mashirika kama walimu wasaidizi, fedha za mradi zikiisha nao wanaondoka. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kutaka kifundishwe shule za msingi na sekondari. Tukiambiwa walimu wa Kiswahili hawatoshi, mbona hawa hawaulizwi?

Naiomba Wizara ya Elimu na Michezo, pamoja na Ofisi ya Waziri Mkuu inayosimamia wakimbizi, waanze na jambo moja: mtoto anapoandikishwa, apewe jaribio la hesabu na sayansi kwa Kiswahili, au kwa Kifaransa, na matokeo yake ndiyo yaamue darasa. Jaribio hilo walimu wetu wanaweza kulitunga na kulisahihisha muhula ujao ukianza.

Mzazi,
Kyangwali, Wilaya ya Kikuube