Risala ya Wafanyakazi kwa Mwenyekiti wa Baraza la Chuo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, waheshimiwa wajumbe wa Baraza, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, wanafunzi wetu, mabibi na mabwana,

Karibu sana katika mkutano wetu wa mwaka. Tungeweza kukueleza habari za maabara na bima ya matibabu, lakini leo tumeshika jambo moja: namna Baraza linavyosimamia malipo ya wakuu wa chuo.

Mheshimiwa, mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya waligoma kwa wiki saba wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa pamoja wa 2017 hadi 2021. Mtu aliyengojea jasho lake miaka yote hiyo ana haki ya kuuliza walio juu yake wanalipwa nini, na ni nani aliyeidhinisha. Hatuulizi kwa kijicho. Kuongoza chuo ni kazi nzito, na anayeifanya vyema alipwe vyema.

Kifungu cha 230 cha Katiba kimeipa Tume ya Mishahara na Marupurupu jukumu la kushauri kuhusu malipo ya watumishi wa umma, Naibu Chansela, ambaye ndiye mkuu mtendaji wa chuo, akiwemo. Hata hivyo, Tume haikai nasi hapa. Marupurupu ya nyumba, gari, safari na vikao huidhinishwa chuoni, na hapo mlinzi wa kwanza ni Baraza. Nayo Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 inamweka Naibu Chansela ndani ya Baraza hilo hilo. Hatupingi, kwa sababu Baraza linahitaji kumsikia. Tunachoogopa ni yeye kuwapo malipo yake yanapojadiliwa.

Hofu hii ina mfano. Katika Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, ambako mkuu wa chuo alikuwa akilipwa zaidi ya pauni 450,000 kwa mwaka, hoja ya kuikosoa kamati ya malipo ililetwa Februari 2017. Ilishindwa kwa kura 33 dhidi ya 30. Mkuu huyo mwenyewe alipiga kura, na wajumbe wa kamati iliyokuwa ikikosolewa pia walipiga. Kura tatu tu, Mheshimiwa! Mdhibiti wa elimu ya juu alichunguza na kulaumu utaratibu huo, na kabla ya mwaka kwisha mkuu alitangaza kung'atuka. Mwaka uliofuata, wenyeviti wa mabaraza ya vyuo vya huko walitoa kanuni: asiwepo mtu anayeshiriki kuamua malipo yake, na mkuu wa chuo asiwe mjumbe wa kamati ya malipo.

Tunakuomba Baraza lako lipitishe kanuni ya namna hiyo hapa. Naibu Chansela na manaibu wake watoke ukumbini ajenda hiyo ikifika, na kumbukumbu za kikao zionyeshe kwamba walitoka. Kila mwaka chuo kitangaze jumla ya malipo ya kila mkuu, mshahara pamoja na marupurupu, kando ya mshahara wa mfanyakazi wa kati. Na kwa heshima zote, posho za vikao vya Baraza lenyewe zitangazwe pia, kwa kuwa zinatoka katika mfuko uo huo unaojazwa na karo za wanafunzi hawa walioketi mbele yako.

Tungefurahi kupata jibu kwa maandishi kabla ya bajeti ijayo kupitishwa.

Kwa ruhusa yako, naomba kuikabidhi risala hii mikononi mwako.