Robo kilo ya misumari kwa shilingi sifuri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wafanyabiashara wenzangu wa Moshi, hasa wale wanaotembelewa dukani na vijana wenye programu za kompyuta "zilizotoka wiki hii".

Nina hadwea Mbuyuni. Mwezi uliopita alikuja kijana mtanashati na laptop, akanionyesha programu mpya ya mauzo. Kipeperushi chake kilisema inafaa hadwea, duka la dawa na saluni. Bei ya uzinduzi shilingi 350,000, na wiki inayofuata ingepanda. Nikalipa siku hiyo hiyo.

Kesho yake asubuhi fundi mmoja alitaka robo kilo ya misumari ya inchi 4. Binti yangu akaandika 0.25, skrini ikaleta jumla: sifuri. Akadhani amekosea, akarudia. Sifuri. Akaja mwingine wa nusu kilo, huyo akatozwa kilo nzima. "Bosi, hapa umenipiga," akasema, na haki ilikuwa yake. Kumbe programu haijui robo wala nusu, kila kipimo inakisukuma kwenye namba nzima. Hadwea gani Mbuyuni inauza misumari kwa kilo nzima tu? Jioni tulipofungua stoo kwenye kompyuta, saruji ilisomeka mifuko hasi 12. Hiyo hadi leo sijaielewa.

Nikampigia kijana anirudishie hela. "Mzee wangu, laiseni ikishafunguliwa hairudishwi. Subiri toleo la pili, hayo yote yatarekebishwa." Yaani nilikuwa namfanyia majaribio, tena kwa hela yangu.

Sikatai, "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" hata mimi nimeuchapisha kwenye risiti zangu. Lakini mteja wangu anakizungusha kitasa mara tatu, analigonga bati, analipima bomba kwa mkono, ndipo anatoa pochi. Programu huwezi kuigonga. Unalipa kwanza, unaijua baadaye.

Mpwa wangu, mpenzi wa magemu ya kompyuta, alinicheka sana. Akaniambia Steam, duka la mtandaoni la Marekani, tangu 2015 linarudisha hela ukiomba ndani ya siku 14, mradi hujacheza zaidi ya saa 2. Na Desemba 2020 gemu la Cyberpunk 2077 lilitoka na kasoro nyingi kiasi kwamba Sony wakaliondoa kwenye duka lao la PlayStation, walionunua hapo wakaruhusiwa kudai hela zao. Hata Microsoft, Oktoba 2018, walilazimika kusimamisha toleo jipya la Windows 10 baada ya siku chache kwa sababu lilikuwa linafuta mafaili ya baadhi ya watu. Kwa hiyo simlaumu kijana kwa kuleta kitu chenye kasoro. Namlaumu kwa kung'ang'ania hela yangu. Mtoto aliyenunua gemu anasikilizwa, mimi mwenye duka naambiwa nisubiri!

Nchini kwetu ipo Sheria ya Ushindani ya 2003, inayokataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Kipeperushi kinachosema "hadwea" huku programu ikishindwa robo kilo, kwangu huo ni upotoshaji, na nimekihifadhi. Ila ushahidi mwingine sina. Hela niliituma kwenye simu ya kijana mwenyewe, si kwenye Lipa Namba ya kampuni, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sikuidai. Hapo nililala, nakiri.

Anayetaka kununua basi adai wiki mbili za kujaribu kwa bidhaa zake mwenyewe, na siku za kurudishiwa hela ziandikwe kwenye risiti kabla ya kulipa. Daftari asilitupe. Na akiambiwa bei inapanda kesho, aiache ipande.

Juzi kijana amenipigia: toleo la pili limetoka, niongeze shilingi 80,000. Nimemwambia aje nalo dukani, aniuzie robo kilo ya misumari mbele ya fundi yule yule, halafu ndiyo tuzungumze habari ya hela.

Mwenye hadwea,
Mbuyuni, Moshi