15 Januari ni siku gani kwetu?

Mhariri,

Vijana wa hapa Umoja watakusimulia makomando wa Marekani mpaka usiku, vile wanne walizingirwa milimani Kunar, Afghanistan 2005, akapona mmoja tu, tena amefichwa na Mwafghani wa kijijini (hapo ndio mimi huguswa zaidi), lakini ukiwauliza El Adde wanakuangalia tu.

El Adde ilikuwa kambi ya wanajeshi wetu huko Somalia, Al-Shabaab waliivamia asubuhi ya 15 Januari 2016 na mpaka leo serikali haijatupa idadi kamili ya waliokufa. Miaka mitatu baadaye, tarehe ile ile, Al-Shabaab hao hao wakavamia hoteli ya Dusit hapa Riverside. Watu 21 waliuawa, afisa wa polisi akiwemo, na zaidi ya 700 wakatolewa hai.

Unajua vikosi maalum vikiingia jengo kama lile wanapanga laini, wa nyuma anaweka mkono kwa bega la wa mbele, akifinya ni twende, na yule wa kwanza hageuki kuangalia kama wenzake wako, anajua tu wako. Mimi hata foleni ya matatu siamini aliye nyuma yangu.

Sasa bwana Mhariri, si mtoe ukurasa mmoja kila 15 Januari, familia zilete picha za watu wao? Na waliorudi pia waulizwe wanalala aje, maana jirani yangu mmoja alikuwa huko na fataki za Diwali zikianza anatoka nje kwanza, hata kama chakula iko mezani.

Msomaji wenu,
Umoja, Nairobi