Barua ya wazi kwa mpwa wangu: mfalme niliyemwazima kwako

Mpwa wangu mpendwa,

Tangu tuinuke kwenye meza ya briji, ule mchezo wa karata wa watu wanne wanaocheza wawili wawili, Jumamosi iliyopita ukiwa kimya, nimekuwa nikiufikiria ule mchezo tulioupoteza, na ninaona ni haki yako kupata maelezo kamili, kwa sababu kosa lile linaweza kumpata mchezaji yeyote aliyejifunza kuhesabu pointi vizuri kama ulivyojifunza wewe.

Aliyekaa kuliani kwako alifungua mnada (hapo ndipo kila upande huahidi mizunguko utakayoshinda) kwa kopa moja, yaani mizunguko saba kopa zikiwa turufu, aina inayozishinda nyingine; wewe ukapita, mwenzake akapita, nami nikatangaza shupaza moja. Ulikuwa umeshika malkia wa shupaza na moja ndogo, kopa nne zenye ree na ghulamu, mfalme na malkia wa uru na moja ndogo, na pau nne zilizoongozwa na ghulamu. Kwa hesabu ya ree nne, mfalme tatu, malkia mbili na ghulamu moja, hizo ni pointi 13, na kupita kwako mara ya kwanza kulikuwa sahihi kabisa. Ila uliposikia sauti yangu ukaruka hadi tatu bila turufu, yaani ahadi ya mizunguko tisa, tukashinda mizunguko saba badala ya tisa.

Jiulize nilijua nini nilipotangaza. Karata zote zina pointi 40. Mwenzake aliyefungua alipopita kwenye kopa moja, alikiri kwamba hana hata pointi sita, na kama nami ningepita, mnada ungeishia pale. Nyingi ya pointi zilizobaki huenda zilikuwa kwako, hata kama hukusema neno. Ndiyo maana nilithubutu kutangaza nikiwa na pointi nane tu: ree na ghulamu juu ya shupaza tano, pamoja na mfalme wa pau. Kwa maneno mengine, nilimwazima mfalme mmoja kutoka mkononi mwako, na wewe ukamtangaza tena kana kwamba bado hajahesabiwa. Katika nafasi hiyo punguza pointi tatu kabla ya kujibu. Kumi na tatu zinakuwa kumi, na jibu linakuwa moja bila turufu, ambalo linahitaji mizunguko saba ileile tuliyoipata.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya pointi hailionyeshi. Wewe hucheza baada ya mfunguzi, kwa hiyo ree na ghulamu wako wa kopa walimkalia mfalme na malkia wake, wakatupatia mizunguko miwili. Mimi hucheza kabla yake. Mfalme wangu wa pau alinaswa chini ya ree na malkia wake, hakushinda chochote. Karata za anayefufua mnada uliokaribia kuisha, kama nilivyofanya mimi, mara nyingi zina thamani ndogo kuliko zinavyoonekana, na hilo nalo ni sababu ya kutulia.

Usiogope kwamba kwa kupunguza hivyo tutakosa michezo mikubwa. Ukiwa na pointi 15 hadi 17, karata zilizogawanyika sawasawa na kizuizi cha kopa (karata kubwa inayowazuia wapinzani kushinda kopa mfululizo), ungekuwa umeshatangaza moja bila turufu tangu mwanzo. Nami nikiwa na nguvu za kweli sitaanza na shupaza moja: nitatangaza kwanza dabo, tangazo ambalo hapa linaonyesha nguvu, kisha shupaza. Ukisikia hivyo, rejesha pointi zako zote tatu na twende hadi juu.

Mjomba wako